Watoto Wetu na Mitandao ya Kijamii: Tusiwaachie Mzigo Huu Peke Yao

Hotuba kwa wazazi, walezi, walimu na wanafunzi

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazazi na walezi, walimu wenzangu, na ninyi wanangu wanafunzi, nawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya athari za mitandao ya kijamii kwa watoto. Mikutano ya namna hii nimehudhuria mingi, na mara nyingi huishia pale pale. Mzazi mmoja anasimama, anasema watoto wa siku hizi hawana nidhamu. Mwingine anaunga mkono. Watoto wanainamisha vichwa, tunapiga makofi, tunarudi nyumbani. Leo naomba tusifike huko. Kukaa kwangu na wanafunzi katika chumba cha ushauri nasaha kumenifundisha kwamba mtoto anayeshindwa kuweka simu chini hajakosa adabu. Amewekwa mbele ya chombo kilichotengenezwa na watu wazima, wasomi, wanaolipwa vizuri, ambao kazi yao ni kuhakikisha hakiweki chini.

Tuanzie hapo basi, kwa sababu tusipojua chombo hiki kinavyofanya kazi tutamwadhibu mtoto kwa kosa lisilo lake.

Facebook ilipoanza mwaka 2004 ilikuwa ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard. Hakuna aliyekuwa akimfikiria mtoto wa darasa la tano. Kurasa za intaneti za wakati ule zilikuwa na mwisho: ukifika chini, unaamua mwenyewe kama utabofya uendelee au utaondoka. Mwaka 2006 mbunifu mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alitengeneza namna ya ukurasa kujiongeza wenyewe kila unapokaribia chini, bila kikomo. Baadaye alijitokeza hadharani na kusema anajuta kwa yaliyotokana na ubunifu ule. Mwaka 2009 Facebook ikaleta kitufe cha laiki, na tangu siku hiyo kupendwa na wenzako kukawa na tarakimu ambayo kila mtu anaiona. Mwaka 2010 ikaja Instagram, mwaka uliofuata Snapchat, kisha zikaja video fupi fupi ambazo ndizo zinazotawala leo.

Snapchat iliongeza kitu ambacho wazazi wengi hawakijui. Marafiki wawili wakitumiana picha kila siku, programu inawahesabia siku zao na kuzionyesha pembeni ya jina. Wakikosa siku moja, hesabu inafutika. Nimekutana na mtoto aliyekuwa na homa, hawezi hata kukaa kitako, akampa rafiki yake neno la siri la akaunti ili aendelee kutuma picha kwa niaba yake. Picha zenyewe hazikuwa na lolote: dari, ukuta, nusu ya uso. Alichokuwa akikilinda ni ile namba. Na kwa mtoto, namba ile ndiyo ushahidi kwamba yeye na mwenzake bado ni marafiki.

Kwenye video fupi mambo yamekwenda mbali zaidi. Programu haisubiri mtoto abonyeze laiki wala aandike komenti. Inapima amesimama sekunde ngapi, amerudia mara ngapi, na ni wapi amepita haraka. Tuseme binti wa miaka 12 anaperuzi na kukutana na video ya msichana anayeeleza anavyokaa siku nzima bila kula ili apungue. Anashtuka, anatazama mpaka mwisho. Programu haijui kwamba ameshtuka. Inachojua ni kwamba amesimama, kwa hiyo itamletea nyingine ya aina hiyo, na nyingine tena, mpaka ifike mahali binti huyo aamini kwamba dunia nzima inazungumza juu ya unene wake.

Kwa nini iwe hivyo? Mitandao hii haimtozi mtumiaji; fedha zake hutoka kwa watangazaji. Kadiri mtu anavyokaa ndani, ndivyo matangazo mengi yanavyopita mbele ya macho yake. Katika hesabu ya namna hiyo, usingizi wa mtoto ni muda ambao hauna faida kwa yeyote isipokuwa mtoto mwenyewe.

Sasa weka mtambo huo mbele ya mtu ambaye ubongo wake bado unajengwa. Wataalamu wa ubongo wanatueleza kwamba sehemu ya mbele, ile inayotusaidia kujizuia, kusubiri na kupima matokeo ya tunachofanya, huendelea kukomaa mpaka mtu anapopita miaka 20. Wakati huo huo, kuanzia ubalehe, hamu ya kukubalika na wenzake huwa imepamba moto. Kwa hiyo mtoto wa miaka 13 ana kiu kubwa ya kusikia wenzake wanasema nini juu yake, na uwezo mdogo wa kujiambia basi, yatosha. Sisi wenye miaka 40 na 50 tunashindwa kuweka simu pembeni wakati wa kula. Tunamdai mtoto nguvu ambayo sisi wenyewe hatunayo.

Niwaelezee jambo moja ninaloliona kwa karibu, na mabinti waliopo hapa watanisahihisha nikikosea. Binti anapiga picha nyingi. Anachagua moja. Anaipitisha kwenye filta, pua inapungua, ngozi inang'aa, macho yanakuwa makubwa. Anaiposti. Kisha anailaza simu kifudifudi mezani. Baada ya muda kidogo anaigeuza, anatazama, anailaza tena. Laiki zikija chache, anaifuta picha kabla wengi hawajaiona. Ukimuuliza kwa nini ameifuta, atajibu, "Haikuwa nzuri." Lakini ndiye aliyeichagua, kati ya picha zote, kwamba hiyo ndiyo nzuri! Picha haijabadilika hata kidogo. Macho yake mwenyewe ndiyo ameyakabidhi kwa watu wengine wamtazamie. Na kuna jambo linaloniumiza zaidi: sura anayoilinganisha na uso wake kwenye kioo kila asubuhi ni sura yake mwenyewe iliyotengenezwa na filta. Anashindwa na nafsi yake isiyokuwepo.

Haya hayatoki kwangu tu. Mwezi Septemba 2021 gazeti la Wall Street Journal lilianza kuchapisha nyaraka za ndani za kampuni ya Facebook, mmiliki wa Instagram, ambayo sasa inaitwa Meta. Nyaraka hizo zilitolewa na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, na mwezi uliofuata alikwenda kutoa ushahidi mbele ya Baraza la Seneti la Marekani. Watafiti wa kampuni yenyewe walikuwa wameandika kwamba asilimia 32 ya mabinti walisema pale walipojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram iliwafanya wajisikie vibaya zaidi. Kampuni ilijitetea kwamba takwimu hizo zimesomwa vibaya, na kwamba wapo vijana wengi waliosema Instagram iliwasaidia. Utetezi huo nimeusikia. Lakini mzazi ana haki ya kuuliza kwa nini jambo hilo lilikaa ndani ya ofisi mpaka likatolewa na mtu aliyeondoka na karatasi.

Nyaraka hizo hizo zilionyesha pia kwamba sehemu kubwa mno ya nguvu iliyowekwa katika kubaini habari za uongo, asilimia 87, ilielekezwa Marekani, na dunia nzima iliyobaki ikagawana asilimia 13. Mzazi anayelea mtoto katika lugha ambayo si Kiingereza alifikirie hilo. Usidhani kwamba kila kinachofika kwenye simu ya mwanao kimepitiwa na mtu anayeelewa maneno yaliyosemwa.

Nchini Uingereza, mwezi Novemba 2017, binti wa miaka 14 alijitoa uhai. Uchunguzi wa kifo chake ulikamilika Septemba 2022, na ofisa aliyeusimamia alihitimisha kwamba alifariki kwa kujidhuru akiwa na sonona, pamoja na madhara ya mambo aliyokuwa akiyaona mtandaoni. Ilibainika kwamba katika miezi sita ya mwisho ya maisha yake, kati ya machapisho yapatayo 16,300 aliyoyahifadhi, kuyapa laiki au kuyasambaza, 2,100 yalihusu huzuni, kujiumiza au kujiua. Mengine hakuyatafuta, yalimfuata. Wazazi wake hawakujua. Mbele yao alikuwa mtoto wa kawaida, wa shule, mwenye marafiki. Nimelitaja tukio hili kwa sababu moja tu: tusije tukadhani kwamba mtoto aliye katika hatari lazima ataonekana. Na kama yupo mtoto hapa ambaye mawazo ya namna hiyo yamewahi kumjia, namwomba asikae nayo peke yake, amwambie mtu mzima mmoja leo hii. Nami nitakuwepo baada ya mkutano.

Wazazi wenzangu, mkiniuliza ni athari ipi ningeiondoa kwanza kama ningepewa uwezo wa kuondoa moja tu, nisingeanza na picha chafu wala matusi. Ningeiondoa simu kitandani.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kwa siku. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Ubalehe peke yake huchelewesha usingizi, kwa sababu homoni ya melatonini, ambayo ndiyo inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, huanza kutoka kwa kuchelewa. Mwanga wa skrini unauchelewesha zaidi. Hata hivyo, ninavyowasikia watoto wenyewe, kinachowakesha hasa ni mazungumzo. Saa tano usiku rafiki anaandika, "Uko macho?" Asipojibu, rafiki ataona ujumbe umesomwa na hakuna jibu, na hilo ni kosa linalohitaji maelezo kesho. Akijibu, anakwenda mpaka saa saba. Na akizima simu, asubuhi atakuta grupu limeshatembea, utani umeshatengenezwa, na yeye hayumo.

Mtoto huyo ndiye anayelaza kichwa juu ya dawati kipindi cha kwanza. Ananuna, anasahau, analia kwa jambo dogo, anamjibu mama yake kwa ukali, na sisi tunaita ujeuri. Wengine tunawaleta kwa mshauri nasaha kwa tatizo la hasira. Siku hizi, kabla sijauliza lolote, huuliza kwanza, "Simu yako inalala wapi?" Mara nyingi sana jibu ni, "Chini ya mto."

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwenu ni dogo na halina gharama. Chagueni mahali pamoja sebuleni, chaja zote ziwe hapo, na simu zote zilale hapo. Zote, pamoja na ya baba na ya mama. Mtoto atakuambia anaihitaji kwa ajili ya kengele ya asubuhi. Mtafutie saa ya mezani yenye kengele. Atanuna kwa siku kadhaa, atasema wazazi wengine hawafanyi hivyo. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwacheni anune, lakini alale.

Kuna ukatili wa mtandaoni pia, na hapa walimu wenzangu naomba mnisikilize. Tumezoea kuutafuta katika matusi na vitisho. Mwingi hauna neno hata moja. Mtoto yuko kwenye grupu la darasa lenye watu wote. Siku moja anaona taarifa kwamba ameondolewa. Anauliza, anaambiwa ni bahati mbaya, wala harudishwi. Au haondolewi kabisa: wenzake wanafungua grupu jingine lenye wote isipokuwa yeye, na lile la zamani linabaki kimya, na yeye anabaki humo akisubiri mtu aandike. Akija kushtaki, tunamwambia alete ushahidi. Alete ushahidi gani? Ukimya? Naomba tusimwambie mtoto huyo kwamba haya ni mambo ya simu, ayapuuze. Kwa umri wake, kutengwa na darasa zima kunauma kuliko kofi. Tumwamini kwanza, kisha tuzungumze na darasa.

Sasa niseme na upande mwingine, kwa sababu watoto wanatusikiliza, na wakisikia tumetia chumvi hawatatuamini hata pale tunaposema kweli.

Wanasayansi hawajakubaliana juu ya ukubwa wa madhara haya. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza, Amy Orben na Andrew Przybylski, walichambua takwimu za vijana zaidi ya laki tatu, wakakuta kwamba matumizi ya teknolojia za kidijitali yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za hali njema kati ya kijana na kijana. Ni kiasi kidogo sana. Kwa upande mwingine, mwezi Mei 2023 daktari mkuu wa serikali ya Marekani, Vivek Murthy, alitoa tahadhari rasmi, akinukuu utafiti unaoonyesha kwamba vijana wanaotumia zaidi ya saa 3 kwa siku katika mitandao ya kijamii wana hatari maradufu ya kupata matatizo ya afya ya akili, ikiwemo sonona na wasiwasi. Ofisi ya Shirika la Afya Duniani kanda ya Ulaya nayo iliripoti mwaka 2024 kwamba vijana wenye matumizi yaliyovuka mpaka, yaani wanaoshindwa kujizuia na ambao maisha yao yanaathirika, walitoka asilimia 7 mwaka 2018 wakafika asilimia 11 mwaka 2022.

Mimi nazisoma takwimu hizi pamoja. Wastani hauzungumzi juu ya mtoto yeyote. Ukichanganya watoto ambao mtandao umewasaidia, wale ambao haukuwagusa, na wale uliowaumiza, utapata namba ndogo katikati, na namba hiyo haitakuambia mwanao yuko kundi gani. Hilo utalijua kwa kukaa naye.

Na wapo kweli waliosaidiwa. Mtoto mwenye ugonjwa usio wa kawaida, ambaye shuleni kwake hakuna mwingine kama yeye, anakutana mtandaoni na wenzake wanaojua maumivu yake kwa majina. Mtoto kiziwi anapata video za lugha ya alama. Kijana mwenye haya asiyeweza kusimama mbele ya darasa anachora, anaposti michoro yake, na mtu wa mbali anamwambia endelea. Wanafunzi wanasaidiana hesabu kwenye magrupu usiku kabla ya mtihani. Haya ni mema ya kweli. Mwaka 2021 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilitamka wazi kwamba haki za mtoto zinamfuata hadi mtandaoni: haki ya kulindwa, na pia haki ya kupata habari, kujieleza na kucheza. Mzazi anayefunga kila kitu amelinda haki moja na kuziacha nyingine.

Lakini kuna hatari moja ambayo haina upande wa pili, na naomba kila mzazi wa mtoto wa kiume aisikie, kwa kuwa tumezoea kuwaonya mabinti tu. Kijana wa miaka 14, 15 au 16 anapata ujumbe kutoka kwa msichana mzuri wa rika lake. Wanachati. Baada ya muda mfupi, wakati mwingine usiku ule ule, msichana anaomba wahamie programu nyingine, anatuma picha ya utupu na kuomba naye atumiwe. Kijana anatuma. Dakika hiyo hiyo lugha inabadilika. Kumbe hakuna msichana. Ni mtu mzima, mara nyingi kundi zima, na tayari wamenakili orodha ya marafiki na ndugu zake. Lipa, ama picha iende kwa mama yako, kwa mwalimu wako, kwa darasa lako. Akilipa, wanaongeza dau. Vyombo vya usalama vya nchi mbalimbali, ikiwemo FBI ya Marekani, vimetoa tahadhari kuhusu jambo hili, na wapo vijana waliokatisha maisha yao saa chache tu baada ya ujumbe wa kwanza.

Wanangu, likimtokea yeyote kati yenu, fanyeni hivi. Usilipe. Usifute ujumbe hata kama unakuchoma. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti na vitisho, kisha mblok mtu huyo na uripoti akaunti yake. Mwambie mtu mzima usiku huo huo, hata kama itabidi umwamshe. Polisi wapelekewe ushahidi. Ipo pia huduma ya bure iitwayo Take It Down, iliyoanzishwa mwaka 2023 na kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, kwa ajili ya picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Picha yenyewe haitoki kwenye simu yako. Huduma inaitengenezea alama ya kidijitali, na mitandao iliyojiunga, ikiwemo Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat, huitumia alama hiyo kuitafuta picha na kuiondoa.

Na ninyi wazazi, siku mtoto akija kuwaambia, neno lenu la kwanza ndilo litakaloamua kila kitu. Ukianza na "nilikuambia," umemfungia mlango. Mwambie, "Hujafanya uhalifu wewe, uhalifu umefanywa dhidi yako, na tutalimaliza pamoja." Yaliyobaki mtayazungumza wiki ijayo. Mtoto anayeogopa kunyang'anywa simu hatasema, kwa hiyo mwahidini mapema, kabla halijatokea lolote, kwamba akija kusema ukweli hatapoteza simu kwa sababu ya ukweli huo.

Niguse sheria kidogo. Wengi tunajua mitandao mingi inasema umri wa chini kabisa wa kujiunga ni miaka 13, tukadhani wataalamu walikaa wakaona kwamba mtoto wa umri huo yuko tayari. Sivyo. Umri huo unatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 iliyokataza tovuti kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi. Kampuni nyingi zikaona rahisi kuandika tu kwamba wa chini ya hapo haruhusiwi. Ni kanuni ya taarifa binafsi. Haisemi lolote juu ya ukomavu.

Na ni kanuni ambayo sisi wazazi tunasaidia kuivunja. Mtoto wa miaka 10 analilia akaunti, mama anamjazia mwaka wa kuzaliwa wa uongo ili ikubali. Fikirini kinachofuata. Kama umeandika ana miaka 18, basi akifika 12 mtandao unamhesabu kuwa na 20. Ataonyeshwa matangazo ya watu wazima. Kinga walizowekewa watoto, kama akaunti kuwa ya faragha tangu mwanzo na wageni kuzuiwa kumwandikia, hazitamhusu. Leo jioni fungueni akaunti hizo, tazameni tarehe iliyoandikwa, muirekebishe. Na kama mtoto hajafikisha umri, akaunti ifutwe.

Serikali nazo zimeanza kuamka. Septemba 2022 mamlaka ya Ireland ya kulinda taarifa binafsi iliitoza Instagram faini ya yuro milioni 405, kwa sababu watoto wa miaka 13 hadi 17 waliruhusiwa kufungua akaunti za biashara na namba zao za simu na barua pepe zikaonekana hadharani. Uingereza ilipitisha sheria ya usalama mtandaoni mwaka 2023. Australia imekwenda mbali zaidi: kuanzia tarehe 10 Desemba 2025, wa chini ya miaka 16 hawaruhusiwi kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa, ikiwemo Instagram, TikTok, Snapchat na YouTube, na kampuni isiyochukua hatua inaweza kutozwa hadi dola milioni 49.5 za Australia. Watoto wengine watapata njia za kupenya, hilo halina shaka. Nami nina wasiwasi juu ya yule mtoto mgonjwa niliyemtaja, atakayekosa wenzake. Lakini jambo moja katika sheria ile naliunga mkono kwa moyo wote: adhabu inamwangukia mwenye mtandao. Haimgusi mtoto wala mzazi wake. Hatimaye kuna mahali ambapo anayeulizwa ni yule aliyekitengeneza chombo.

Kabla sijakaa, niseme neno juu yetu sisi tunaoposti. Mtoto akiwa na sare yenye jina la shule, mtoto akioga, mtoto mgonjwa hospitalini. Mengine tunayafanya kwa mapenzi, nayaelewa, ingawa ningeomba mtoto mwenye umri wa kuelewa aulizwe kwanza. Ila kumrekodi mtoto akiadhibiwa au akilia na kumposti ili watu wacheke, huko ni kumdhalilisha mbele ya umati ambao hautasahau. Video hiyo itakuwepo atakapoomba kazi. Mwenye video kama hiyo aifute leo, kisha amwombe mwanawe radhi.

Mwenyekiti, ya kwangu yameishia hapo. Muda wa maswali umefika, na ningependa wanafunzi waanze. Waseme mtandaoni wanakutana na nini, na wangependa wazazi wao wabadilishe nini katika matumizi yao wenyewe ya simu. Wazazi tuwasikilize mpaka wamalize, ndipo tujibu.